Senti Kumi Yenye Mkato Mmoja

Makambako,
10 Juni 2024

Mama yangu mkubwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Brayson wa basi la Lupembe ameniahidi kwamba barua hii utaipata mkononi, hataiacha dukani kama ile ya Pasaka. Natumaini itakukuta umekaa karibu na moto. Najua hukanyiki, lakini umande wa Juni si wa kuchumia chai kwa magoti yale. Huku sisi tunaganda. Cherehani yenyewe asubuhi haizunguki mpaka niipashe kwa kitambaa cha moto. Kaka Lenard alinipigia simu kutoka Kidugala, anasema wanafunzi wake wanaendelea vizuri na kwamba amekununulia sweta. Anasikitika kwamba hawezi kukusalimia kwa simu tangu masikio yako yapungue. Nikamwambia aandike barua kama mimi. Akasema atajaribu. Usingoje.

Sasa nikueleze kilichonikalisha chini niandike kurasa nyingi hivi.

Mwezi uliopita alikuja kibandani kwangu mwalimu mmoja aitwaye Joackim, akaniomba nimshonee vitambaa vya kijani vya kufunika meza kumi na nne. Nikamuuliza kama ni harusi. Akacheka, akasema ni maonyesho ya sarafu na noti za kale, yatafanyika Njombe mjini, na wakusanyaji watatoka Songea, Iringa mpaka Mbeya. Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba watu wazima hufunga safari kwenda kutazama hela isiyonunua hata kiberiti. Nikamwambia hata mimi ninayo moja. Akasema, “Basi njoo nayo.”

Unaijua. Ile senti kumi ya mkoloni yenye tundu katikati, aliyotuvalisha marehemu mama shingoni, mimi na Devota, kila pacha yake. Ya Devota mjomba aliikata kwa tupa mkato mmoja ukingoni kwa kuwa alitangulia kuzaliwa, yangu mikato miwili. Nimeishi miaka thelathini na mitatu nikijua kwamba ya Devota iko chini ya ule msalaba mdogo nyuma ya jiko, kwa sababu wewe mwenyewe uliniambia alizikwa nayo shingoni.

Basi Jumamosi nikaenda. Ukumbi ulikuwa na baridi kama kisima, na watu wanaongea kwa sauti ya chini kama wako zahanati. Kila mmoja na kioo chake cha kukuzia. Wengine wamevaa glovu nyeupe. Niliona rupia za Mjerumani, niliona ile senti hamsini yenye sungura tuliyokuwa tukiipigania shuleni. Mzee mmoja alipoona sarafu yangu inang’aa akaniuliza nimeifanya nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeisugua kwa majivu na limau. Akashika kichwa. Kumbe hela ya kale haisafishwi, uchafu wake ndio umri wake. Nilicheka, Mama. Mpaka hapo nilikuwa na furaha kabisa.

Meza ya mwisho, karibu na dirisha, alikaa mzee wa Songea mwenye kofia ya kufuma, Mzee Bashiru, ambaye zamani alikuwa na malori. Aliponiona akasimama.

“Umekuja,” akasema. “Afadhali. Naona mwili umerudi.”

Nikageuka nyuma nikidhani anaongea na mtu mwingine. Hapakuwa na mtu.

“Shikamoo. Mzee wangu, umenifananisha.”

“Marahaba. Nikufananishe na nani, mama? Mwezi wa tatu si tulikaa benchi moja mnadani Ludewa? Ulikuwa unakohoa mpaka nikakununulia maji.”

Nikamwambia sijawahi kukanyaga Ludewa. Akanitazama. Akavaa miwani, akanitazama tena, na mara hii niliona uso wake ukibadilika. Akaniomba nifungue kiganja. Akaichukua sarafu yangu, akaipapasa ukingo kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama kipofu.

“Miwili,” akasema, na hakuwa akisema na mimi.

Akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ndogo, akaimimina juu ya kitambaa nilichokishona kwa mikono yangu. Senti kumi. Tundu katikati. Ukingoni mkato mmoja.

“Hii sikuipanga na zangu kwa sababu si yangu,” akasema. “Aliyenipa hakutaka kuiuza. Alisema, wewe unazunguka miji na watu wanakuletea sarafu. Akija mtu mwenye mwenzake wa hii, mpe. Nikamuuliza jina lake. Akasema anaitwa Devota.”

Nilikaa kwenye kiti cha mzee wa watu bila kukaribishwa. Sarafu alinipa. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu cha kunipa wala cha kuniambia.

Nakuuliza neno moja tu. Ile hela ilitokaje kaburini?

Mwanao,
Zita


Lupembe,
2 Julai 2024

Mwanangu Zita,

Marahaba. Milele amina. Kamwene. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanayonisema. Chai imedumaa kwa baridi, na juzi lori la kiwanda halikuja siku mbili, majani yakanyaukia kwenye magunia, tukayamwaga. Mbuzi mweusi amezaa. Sweta la Lenard limefika, linanibana makwapani. Usimwambie.

Habari za hela nimezisoma. Watu hufanana. Nchi hii ni kubwa na Mungu hana sura mpya za kumpa kila mtu. Huyo mzee ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara akimwona mtu mgeni kwenye mambo yake humtungia hadithi. Mkato wa tupa hata fundi baiskeli anaweza kuukata. Wewe ulikwenda mahali usipopajua, ukashtuka, basi.

Ile sarafu mpe Brayson ailete, nitaifukia. Usiivae. Usiiweke mahali pamoja na yako, wala usilale nayo chumba kimoja. Na Ludewa usiende. Sikukatazi mambo mengi, wewe ni mtu mzima. Hilo nakukataza.

Kula vizuri. Viatu vya baridi uvivae hata ndani.

Mama yako,
Feliciana


Makambako,
15 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Pole na majani yaliyonyauka, na hongera ya mbuzi. Mimi mwili mzima, kazi ni nyingi kwa sababu shule zimefunguliwa na kila mzazi anataka sare ya jana. Nakutumia chumvi, sukari na ile dawa ya kuchua magoti.

Sarafu sikumpa Brayson. Nisamehe. Umeniandikia kwamba ni hela ya mtu mwingine yeyote, iliyokatwa na fundi baiskeli. Kama ndivyo, kwa nini nisilale nayo chumba kimoja na yangu?

Nimeanza kukumbuka mambo. Kila Krismasi ulishona magauni mawili ya kitambaa kimoja, kipimo kimoja. Moja nilivaa mimi. La pili ulilikunja ukaliweka juu ya kaburi la Devota, na asubuhi halikuwepo. Nikikuuliza, unasema mwenzako amelichukua. Niliamini, Mama. Mpaka nafika darasa la tano sikuthubutu kwenda nyuma ya jiko peke yangu, nisije nikamkuta kasimama pale, amevaa gauni kama langu, na ana kimo changu. Lakini sasa mimi mwenyewe ni fundi wa nguo, na najua kuwa marehemu hahitaji kipimo kiongezwe kila mwaka.

Na lipo jingine. Jumanne aliingia mama mmoja mwenye mizigo, ametokea Ludewa, anasubiri basi la Dar. Alitaka nimkunjie pindo la kitenge upesi. Alipoinua uso akarudi nyuma hatua mbili, mgongo wake ukagonga mlango.

“Umeamka lini?” akaniuliza.

Nikamwambia, “Mama, mimi sikuwa nimelala. Naitwa Zita, fundi.”

Alitoka akaacha kitenge mezani. Nilimfuata mpaka stendi nikiwa nacho mkononi, na kila nilipoita alizidisha mwendo. Kitenge kiko hapa, nimekikunja pindo.

Umeamka lini. Hayo ni maneno anayoambiwa mtu aliyelazwa kitandani, au ni maneno anayoambiwa nani? Nimeyageuza mpaka yamenichosha.

Siombi unieleze yote. Nitajie kijiji tu.

Zita


Makambako,
1 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Wiki saba. Brayson anasema barua alikukabidhi mwenyewe, na kwamba uliisoma umesimama pale pale barabarani, ukaikunja, ukaingia kwenye chai bila kumuaga. Chumvi umepokea, dawa umepokea. Kalamu ndiyo iliyokosekana.

Kwa taarifa yako sarafu zote mbili nimezitia kwenye kopo moja la vifungo, na kopo liko chini ya kitanda changu. Mwezi umepita. Hakuna kilichonipata.

Zita


Lupembe,
29 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba ya barua zote. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nakaa na karatasi mbele yangu, naandika salamu, nachana. Mvua bado. Mbuzi mweusi amekufa na watoto wake wanasumbua. Nimemaliza salamu.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka wa tisini na moja. Mama yenu alikuwa ameshafariki, nyinyi mna miaka mitatu, mko kwangu. Devota alishikwa na degedege siku mbili mfululizo. Asubuhi ya siku ya tatu akanyamaza, akapoa. Tulilia. Watu wakajaa uani. Tulimwosha, tukamvika, seremala akapiga kisanduku.

Saa nane mchana watu walikuwa nje wanamsubiri katekista. Ndani tulikuwa watu wazima wawili, mimi na mwanamke mmoja wa Kipangwa kutoka Ludewa, Matilda, aliyekuja Lupembe kwa kibarua cha kuchuma chai. Hakuwa na mtoto. Tumekaa, mtoto kalala mbele yetu na shuka mpaka kidevuni. Akapiga chafya. Halafu akafumbua macho, akanitazama mimi, akasema, “Maji.”

Nilimwita babu yenu. Hakufurahi, Zita. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu, kwamba mzee yule hakufurahi. Alifunga mlango, akasema mtu aliyekwisha kuliliwa harudi kula na waliomlilia. Akirudi, hakai mpaka amchukue mwenzake. Mimi ningebisha. Lakini wewe uliyekuwa mzima tangu asubuhi, uliyekuwa unacheza na vifuniko vya sufuria, dakika ile ile ulianza kutetemeka kwenye mapaja yangu. Homa ilikupanda nikiwa nakushika. Yeye anakunywa maji, wewe macho yanageuka. Niliona kwa macho yangu mawili. Nikaamini.

Tulilaza shina la mgomba kwenye kisanduku, tukalifunga na kanga. Watu walipokuwa wanaimba mbele ya nyumba, Matilda alimbeba Devota mgongoni, akamfunika gubigubi, akatokea mlango wa jikoni akakata mashamba ya chai. Hela yake alikuwa nayo shingoni. Sikuwa na moyo wa kuikata. Wakati tunatupia udongo juu ya mgomba, homa yako ilikuwa inashuka. Jioni ukaomba uji.

Babu alituapisha. Kijiji chetu kisitajwe kwa Devota, na chake kisitajwe kwako, na msikutane kamwe, maana siku mtakayokutana mmoja wenu atakufa. Niliapa nikiwa nimeshika kichwa chako.

Gauni nilikuwa naliondoa mimi kabla hujaamka. Kila Januari nilisema nakwenda kumtazama shangazi yangu Njombe. Nilikwenda Ludewa. Nilimpa Matilda lile gauni, nikamtazama mtoto kutoka upande wa pili wa barabara, nikageuka. Alipomaliza darasa la saba niliacha, kwa sababu siku hiyo aliniona, na alinitazama hivyo hivyo kama alivyonitazama alipoomba maji.

Jina la kijiji nimeliandika kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya hii. Humu kwenye barua mkono ulikataa. Kiko upande wa Mchuchuma, kwenye makaa ya mawe. Ukifika, uliza nyumba ya Matilda.

Sikukatazi tena. Lakini naogopa, Zita. Bado naogopa.

Feliciana


Makambako,
3 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Lenard mzima, mimi mzima. Nimerudi juzi.

Nilikwenda kwa basi mpaka Ludewa, kisha kwa pikipiki mwendo wa saa mbili na nusu. Njia ni mawe na vumbi jeusi la makaa. Nilifika adhuhuri, jua liko utosini. Kwenye bomba la maji walikuwepo wanawake kama saba. Pikipiki ilipozimwa nikasema, “Kamwene.” Hakuna aliyeitikia. Mmoja alitua ndoo yake chini polepole. Mwingine akajifunika kanga usoni. Hakuna aliyekimbia, Mama, na ningependa wangekimbia. Walisimama tu wakinitazama jinsi watu wanavyotazama jeneza likipita, na dereva wa pikipiki akaniuliza kwa sauti ya chini, “Dada, huku umewafanyia nini?”

Akaitwa katekista. Alikuja na rozari imezungushwa mkononi, akasimama mbali nami kama hatua kumi.

“Kama ni wewe, Devota,” akasema, “tuambie tumekosea wapi kukuzika.”

Hivyo ndivyo nilivyopata habari.

Nilimwambia mimi ni Zita, natoka Makambako, nimemfuata pacha wangu. Akafikiri. Halafu akaagiza niletewe kikombe cha maji.

“Kunywa,” akasema.

Nikanywa yote. Walikuwa wanatazama koo langu, kila funda likipita. Nilipomaliza, mwanamke aliyekuwa amejifunika uso alianza kulia, kisha wote, wakaja kunishika mikono, mashavu, masikio, kama watu wanaochagua nguo sokoni.

Alifariki tarehe kumi na nne Septemba. Mapafu. Wiki mbili kabla hujamaliza kuandika. Yule mama wa kitenge ni jirani yao, alikuwa anakwenda kukaa na bintiye Dar, na alirudi baada ya maziko. Alipoondoka alimwacha Devota kitandani hawezi kusimama, ndiyo maana aliponikuta nakanyaga cherehani aliona mzuka.

Hatukukutana, Mama. Na bado mmoja amekufa.

Nilitaka barua hii iishie hapo, ikuchome. Lakini nami nimekuficha jambo, na sina haki ya kukuchoma peke yako.

Siku ile Njombe, Mzee Bashiru alinipa na karatasi yenye namba ya simu. Nilikuandikia kwamba hakuwa na zaidi. Niliporudi nyumbani, saa kumi alasiri, nilipiga ile namba. Ikapokewa. Nikasikia sauti yangu. Si sauti iliyofanana na yangu, ni yangu, ninavyoisikia nikiongea peke yangu nikiwa nakata nguo. Ikauliza, “Nani mwenzangu?”

Kila mtu huuliza hivyo kwenye simu. Nilikata. Namba ile ikanipigia mara tatu, sikupokea, kisha nikaizuia isinipate tena. Nilijiambia kwamba nangoja jibu lako ndipo nipige. Ukweli ni kwamba niliogopa kuisikia tena, na kila wiki uliyochelewa kujibu ilinipa nafuu. Agosti nilipojikaza nikapiga, simu ilikuwa haipatikani. Walikuwa wameshaiuza kwa ajili ya dawa.

Matilda bado yupo, mzee sana, macho yamefifia. Aliniambia Devota siku ile alikaa na simu mkononi mpaka giza likaingia. Akamwambia Matilda, “Ni yeye. Nimemsikia akivuta pumzi.” Matilda alikuwa amemtajia jina langu na habari ya sarafu, hayo tu, kwa sababu ya kiapo. Kwa hiyo miaka yote Devota aliyajua hayo mawili peke yake, na aliposikia kwamba kuna mzee anayezunguka akinunua hela za kale, akampelekea sarafu yake.

Ameacha binti wa miaka tisa. Mumewe alifariki zamani. Mtoto anaitwa Zita.

Watu wazima wote wa kijiji kile waliniogopa kwanza. Yeye alitoka ndani ya nyumba ya Matilda, akanijia moja kwa moja, akasimama mbele yangu. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, lakini alikuja.

“Shikamoo, mama mdogo,” akasema.

Nikamuuliza nani amemwambia mimi ni mama mdogo.

“Mama. Alisema atakuja mtu mwenye sura yake. Alisema nisimkimbie, si mzimu. Na alisema nisifurahi sana, kwa sababu si mama pia.”

Nilikaa siku nne. Chakula alinipa yeye, maji ya kuoga alinipa yeye, lakini usoni hakunitazama. Akitaka kuniambia jambo alikuja kukaa nyuma yangu, akaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wangu, akaongea akitazama ukutani, na mimi nikamjibu nikitazama mlangoni. Tuliongea sana namna hiyo. Anajua kusoma vizuri. Anapenda wali. Alitaka kujua kama na mimi nitakohoa.

Mwisho wa mwaka wa shule nitakwenda kumchukua. Matilda amekubali.

Zita


Lupembe,
24 Novemba 2024

Mwanangu Zita,

Marahaba. Sitaandika habari za mbuzi.

Barua yako niliisoma nikaiweka kwenye kitabu cha sala. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, nilisimama kanisani nikaomba nafasi. Katekista alidhani nataka kuchangia bati. Nikawaeleza yote, tangu chafya mpaka kiapo. Sikusikia kama walisema kitu, unajua masikio yangu. Niliona tu kwamba midomo ya watu ilikuwa imefungwa. Wako wazee wawili waliobaki wa siku ile, walioimba mbele ya nyumba. Waliangalia sakafu.

Nilipotoka nilichukua jembe nikaenda nyuma ya jiko. Nilichimba mwenyewe, sikutaka msaada. Nilitaka nione nilichokuwa nikikiombea miaka yote. Hakuna mbao, hakuna kanga, hakuna mgomba. Udongo tu, mweusi na laini kuliko wa pembeni, na una joto kidogo ukiushika. Nimekaa ukingoni mpaka miguu ikafa ganzi. Nilijua siku zote kwamba yule mtoto hayumo. Lakini nilipoona kweli hayumo ndipo nilipolia kama mtu aliyefiwa leo.

Kuhusu simu uliyoikata. Wewe ulikata simu moja. Usijilinganishe na mimi.

Naomba kumwona mtoto. Sijui kama ninastahili kuomba. Ukisema hapana nitakaa, sitauliza tena, na mambo yetu mengine yaendelee kama kawaida.

Feliciana


Makambako,
19 Januari 2025

Mama,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mvua huku ni nzuri, stendi yote ni tope. Lenard alikuja kula nasi sikukuu, amenenepa. Mtoto amefika salama, ameanza darasa la nne, na mwalimu wake anasema anaandika mwandiko wa mtu mzima. Matilda alimsindikiza mpaka Ludewa mjini, akarudi kwa ndugu zake. Alinipa salamu zako, anasema hana neno na wewe.

Siku za kwanza majirani walidhani ni mwanangu niliyemficha. Nimewaacha wadhani. Bado anaegemea mgongo wangu akiongea, hasa nikiwa nashona, na nimezoea kiasi kwamba asipokuwepo nasikia baridi mgongoni. Wiki iliyopita aliniomba nigeuke. Nikageuka. Alinitazama usoni muda mrefu sana, jicho kwa jicho, bila kupepesa. Kisha akasema, “Wewe una kovu hapa, mama hakuwa nalo,” akaenda kucheza.

Hujaniuliza kama nimekusamehe, na nakushukuru kwa kutouliza. Kuna siku naamka nimekusamehe, na ikifika mchana nakumbuka zile wiki saba. Halafu nakumbuka simu yangu. Sijui itaishia wapi. Lakini mtoto hahusiki na hayo, naye ameuliza bibi yake anakaa wapi.

Njoo Jumamosi tarehe ishirini na tano, kwa basi la asubuhi. Lenard atakuja kukuchukua nyumbani, usibebe mizigo. Utatukuta tumesimama nje ya kibanda, yeye na mimi.

Nataka ujiandae. Anafanana na sisi kupita kiasi. Mimi mwenyewe nilipofunua albamu nikaona picha yangu ya darasa la tatu, nilifunga haraka. Utakaposhuka kwenye basi atakujia moja kwa moja, kama alivyonijia mimi, na atakutazama. Midomo yake itasema shikamoo. Usingoje kusikia, mwitikie hapo hapo. Ukikawia atajua kwamba unamwogopa, na hilo ameliona vya kutosha.

Mwanao,
Zita